Kihagara, kahawa na gari la Kiitaliano

Ukipanga kuwapeleka watoto Ziwa Nyasa likizo ya Juni, tenga siku mbili kutoka Songea, hata kama lami itakushawishi kwamba siku moja inatosha. Songea hadi Mbinga ni kama kilometa 100, na Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama 66. Kote siku hizi ni lami. Ila ukitoka Mbamba Bay kwenda Kihagara unashika barabara ya vumbi inayofuata ziwa, na mwenye gari lililojaa watoto wanaotapika kwenye kona hana sababu ya kuipita usiku. Lala Mbinga. Beba masweta, maana Juni baridi ya Mbinga inauma masikio, na kesho yake mchana ukifika ziwani mtayavua yote.

Sisi tulikuwa watu wazima watatu na watoto watatu kwenye Noah. Kihagara ndiko wanakoishi wakwe zangu, kwa hiyo safari ilikuwa ya kusalimia wazee, lakini ilikuwa na ajenda nyingine. Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, ni fundi magari Songea. Ana miaka 27, hajaoa, na tangu Machi alikuwa anatembea na picha nne kwenye simu. Ni picha za Lancia Fulvia Coupé, gari dogo la michezo la Kiitaliano la miaka ya 1970, limeegeshwa nyuma ya nyumba ya mtu Nairobi. Haliwaki. Tangazo linasema linauzwa kwa mtu wa kulifufua. Bei, ukiibadilisha kwa fedha zetu, ni kama milioni 18. Shemeji hana milioni 18. Wazazi wake wana ekari mbili za kahawa Mbinga.

Mzazi mwenzangu, hapo umeshaelewa kikao tulichokuwa tunakiendea.

Nikiri kwamba gari lenyewe ni zuri. Lancia ni kampuni iliyoanzishwa Turin mwaka 1906 na Vincenzo Lancia, ambaye kabla ya hapo alikuwa dereva wa mashindano wa Fiat. Fulvia Coupé ilitoka kiwandani kuanzia 1965 hadi 1976. Injini yake ina silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V jembamba sana, hata kichwa cha silinda ni kimoja tu. Inavuta kwa magurudumu ya mbele, na breki ni za diski kote, jambo ambalo magari mengi ya wakati ule hayakuwa nalo. Shemeji aliyaeleza haya yote kati ya Songea na Peramiho, watoto wakiwa kimya kabisa nyuma. Mjomba wao akizungumza magari hawabanduki.

Kwetu Afrika Mashariki jina la Lancia si geni kwa waliofuatilia Safari Rally. Mwaka 1974 Sandro Munari alimaliza wa tatu na Fulvia, mwaka ambao Joginder Singh, fundi wa Kenya, alishinda na Mitsubishi. Mwaka uliofuata Lancia walileta Stratos, gari lenye injini ya Ferrari ambalo kwa jumla halikutengenezwa hata 500. Munari akawa wa pili, Björn Waldegård wa tatu, na ushindi ukachukuliwa na Peugeot 504, gari ambalo lingeweza kumpeleka mwalimu mkuu kazini Jumatatu. Lancia walilazimika kusubiri hadi 1988 kushinda Safari, na Delta. Shemeji anazijua tarehe hizi kama watoto wengine wanavyojua mabao ya Simba na Yanga. Hakuna hata moja ya mbio hizo aliyoishuhudia. Alizaliwa baadaye.

Ukipita Peramiho nchi inaanza kupanda. Waonyeshe watoto ngoro. Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali kwa kulaza majani yaliyofyekwa kwa mistari inayokatana, kisha kuyafunika kwa udongo, hadi mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki lenye vishimo. Mvua ikinyesha maji yanatulia kwenye vishimo badala ya kuserereka na udongo hadi bondeni, na majani yanaoza kuwa mbolea. Binti yangu wa darasa la nne aliuliza nani aliwafundisha. Mke wangu, ambaye mama yake ni Mmatengo, alijibu kwa kiburi kidogo kwamba hakuna aliyewafundisha, wao ndio waliowafundisha wataalamu waliokuja kuwahoji.

Tulisimama kwenye lile shamba. Juni ni msimu wa kuvuna na matunda mekundu yalikuwa yanachumwa. Ekari mbili za mkwe wangu si kitu cha kuandikwa gazetini: mibuni ya zamani, mingine imekatwa ichipue upya, migomba ya kivuli, na jirani anayechuma kwa makubaliano ya kugawana. Kahawa inakwenda chama cha msingi, malipo yanakuja kwa awamu, na kuna miaka bei inakatisha tamaa. Lakini mke wangu na ndugu zake wote wanne walisoma kwa shamba hilo. Mdogo wao huyo naye ada yake ya VETA ilitoka humo. Alishuka garini, akaenda hadi mwisho wa mpaka, akarudi bila kusema neno.

Kutoka Mbinga barabara inashuka kwenye ukingo wa bonde, kona baada ya kona, na ghafla ziwa linaonekana chini. Usiwaambie watoto mapema, waache walione wenyewe. Ng'ambo, siku ikiwa safi, ni milima ya Malawi.

Kihagara ni kijiji cha ziwani hasa. Asubuhi mitumbwi inarudi na usipa, wanawake wanaanika makopa ya muhogo juu ya mawe, na jioni harufu ya samaki wa kukaangwa inatoka kila uani. Juni na Julai upepo wa mwera hupiga siku nyingine kwa nguvu mawimbi yakawa kama ya bahari, kwa hiyo siku hizo hakuna kuogelea, na siku shwari pia waulize wenyeji kwanza ni wapi watoto wao wanaogea. Mamba wapo, hasa karibu na midomo ya mito. Lala kwenye chandarua. Haya yakizingatiwa, watoto wa mjini wanaweza kukaa huko wiki nzima bila kuuliza simu iko wapi. Wa kwangu walijifunza kukaa kwenye mtumbwi wa gogo ukiwa majini karibu na ufukwe, jambo ambalo lina mafunzo ya unyenyekevu kwa baba yao pia.

Mkwe wangu alitupokea amevaa koti, ingawa jua lilikuwa linachoma. Tulimpa shikamoo, watoto wakamshika miguu babu yao, na kabla chai haijaiva akaomba kuiona hiyo gari. Habari zilikuwa zimeshatangulia.

Hapa inabidi nieleze mzee ni nani. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta haina njia salama ya kusafirisha shaba yake wala kuingiza mafuta. Njia iliyobaki ilikuwa Dar es Salaam, kwa barabara ambayo wakati huo sehemu kubwa ilikuwa vumbi na tope. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na wabia wa Kiitaliano, ziliunda kampuni ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, ikaletewa malori ya Fiat kwa mamia. Madereva wa Kizungu waliiita njia ile ya Jehanamu. Waitaliano ndio pia waliojenga bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi 1968. Mkwe wangu aliingia kwenye malori hayo kama utingo akiwa na miaka kama ishirini, akaja kuwa dereva. Shaba kushuka, bidhaa kupanda: Mikumi, Kitonga, Iringa, Mbeya, Tunduma.

Kwa hiyo ni mzee anayezijua mashine za Kiitaliano kwa mikono. Aliishika simu mbali na macho, akatazama ile Fulvia, akasema, "Hawa Lancia si walinunuliwa na Fiat?" Ni kweli, mwaka 1969. Shemeji alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Mzee akaongeza kwamba Fiat ilikuwa lori la kumwamini mlimani, na kwamba hata hivyo aliwahi kukaa siku kumi na moja porini akisubiri kifaa kidogo kuliko kiganja. Kisha akarudisha simu na kuuliza habari za barabara. Kikao kikasogezwa hadi kesho usiku.

Kesho yake tulikwenda Liuli, na kama una watoto wanaopenda historia, au wanaoichukia, wapeleke. Wajerumani waliiita bandari hii Sphinxhafen, kwa jiwe walilodhani linafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Utaona pia jiwe la Pomonda likiwa limechomoza majini, ambalo wenyeji husimulia kwamba watu walijificha humo nyakati za vita. Kuna hospitali ya Kianglikana ya Mtakatifu Anna, urithi wa wamisionari wa UMCA. Lakini mimi nilitaka kuona ufukwe wenyewe, kwa sababu mwaka 1914 hapo palikuwa na chombo cha zamani kikifanyiwa matengenezo.

Meli ya Hermann von Wissmann ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kupitia mito Zambezi na Shire, ikaingia majini mwaka 1893. Agosti 1914 ilikuwa imevutwa nchi kavu hapo Liuli, bila uwezo wa kwenda popote. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa nahodha Mwingereza Rhoades, aliyekuwa na meli ya Gwendolen upande wa pili wa ziwa. Rhoades alipata habari kwamba vita imeanza. Berndt hakuipata. Mwingereza akavuka, akaipiga meli ikiwa juu ya matengenezo, na Mjerumani akaenda kumwuliza rafiki yake kwa hasira kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Mei 1915 Waingereza walirudi kuhakikisha ile meli haifufuliwi, wakaiharibu zaidi. Na mwaka 1918 ni Waingereza haohao walioiinua, wakaitengeneza, wakaipa jina la mfalme wao.

Watoto walicheka sana kwa habari ya kulewa. Shemeji hakucheka. Alikuwa anatafuta mahali ambapo meli ingeweza kuvutwa, akipima mteremko kwa macho, na nilipomwangalia nikaelewa kwamba kwa kijana huyu kitu kilichoharibika hakijawahi kuwa kitu kilichokufa.

Tulikaa kwenye mchanga nikamsimulia za meli nyingine mbili. Liemba ya Ziwa Tanganyika anaijua kila mtu. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa kwa treni ndani ya masanduku, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916 wasije wakaiacha kwa adui. Mafundi waliopewa amri hiyo waliipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza waliiinua 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi upya. Imebeba watu na migebuka miongo mingi baada ya hapo. "Grisi," shemeji alisema. "Nitamwuliza mwenye gari kama alimwaga oili kwenye silinda kabla ya kuliegesha."

Ya pili ni Chauncy Maples, ya ziwa letu hili. Ina jina la askofu wa UMCA aliyezama Nyasa mwaka 1895. Ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899, ikaja vipande, na bwela lake la tani 11 likaburutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450, kwa mwendo wa kilometa chache kwa siku. Iliingia majini 1901. Ilikuwa kanisa, shule na zahanati inayoelea, ikapita kwenye vituo vya misheni kandokando ya ziwa. Baadaye ikawa ya serikali, ikabadilishiwa injini, ikachoka. Mwaka 2009 ulianzishwa mfuko wa kuifufua iwe kliniki tena. Watu waliipenda kwa dhati, fedha zikachangwa, kazi ikaanza, na mpango haukufika mwisho. Mwili wa meli ulidai zaidi ya kile upendo ulichoweza kulipa. Nadhani tofauti yake na Liemba si ubora wa chuma. Liemba ilipoinuliwa ilikuwa na abiria waliokuwa tayari wanasubiri gatini.

Kikao kilifanyika baada ya ugali wa muhogo na mbasa, watoto wakiwa wamelala. Mzee alianza kwa kumwambia mwanawe aeleze. Na kijana alieleza vizuri, lazima nimpe haki yake. Alisema Nairobi kuna shindano la magari ya kale kila mwaka, Africa Concours d'Elegance, linaloandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu miaka ya 1970, na kwamba majaji huko wanainama hadi chini ya gari kuangalia usafi wa chuma. Kwamba watu wenye magari hayo wapo Nairobi, na wachache Arusha na Dar, na hawana mafundi vijana, maana wanaojua karbureta wanazeeka. Kwamba yeye hataki gari la kutembelea. Anataka kazi ya mkono itakayomtambulisha, ili siku moja mtu alete gari lake Songea.

"Spea utatoa wapi?" mzee aliuliza.

Italia, kwa klabu za wapenzi wa Lancia, wanazitengeneza upya.

"Na Forodha?"

Hapo alisita. Gari lililozidi miaka 8 lina ushuru wa ziada TRA, na hili limezidi 40. Alisema angeweza kulitengenezea hukohuko Nairobi, kwenye gereji ya rafiki.

"Kwa hiyo kahawa iuzwe Mbinga, gari likae Nairobi, na wewe uwe njiani." Mzee hakusema kwa ukali. Alikuwa kama anayepiga hesabu ya mafuta.

Mke wangu alitaja watoto wetu, ambao mwaka ujao mmoja anaingia sekondari, na kwamba ikitokea tumekwama shamba lile ndilo mahali pa mwisho pa kushika. Shemeji akasema yeye pia ni mtoto wa nyumba hii. Kukawa kimya. Kusema kweli sikuwa na upande. Mkwe mwenye busara kwenye kikao cha namna hiyo huchochea moto na kusubiri kuulizwa.

Mama mkwe ndiye aliyeomba simu. Shamba lilitoka kwao, na mpaka dakika ile hakuna aliyemwuliza. Alizipitia zile picha nne taratibu. Kwenye ya tatu, inayoonyesha ndani ya gari kupitia mlango uliofunguliwa, akaipanua kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye taa.

"Hizi nyasi zimeota wapi?"

Tuliinama wote. Katikati ya pedali, pale ambapo mguu wa dereva ungekaa, yalikuwa yamechomoza majani matatu mabichi. Hakuna aliyeyaona kwa miezi mitatu, wala fundi mwenyewe. Nyasi hazioti juu ya chuma. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi udongo unaonekana, na kama sakafu imekwenda, shemeji alisema kwa sauti ndogo, basi pengine na pale mbele ambapo fremu inayobeba injini inafungwa kwenye bodi, ambapo Fulvia zinajulikana kwa kuoza. Hapo si kazi ya rangi. Ni miezi ya kukata na kuchomelea.

Mama mkwe alimrudishia simu. Akasema shamba haliuzwi mwaka huu, na kwamba akipenda kwenda Nairobi kulitazama kwa macho, nauli atampa yeye, kutoka kwenye malipo ya awamu ya kwanza.

Alikwenda Agosti na bisibisi, tochi na sumaku. Sumaku ni kwa sababu muuzaji alidai ni toleo la HF, ambalo milango na boneti ni alumini. Sumaku haishiki alumini. Haishiki puti nene pia, na ndiyo maana alibeba bisibisi. Boneti ni alumini kweli. Mlango mmoja ni puti. Pale pa fremu bisibisi iliingia hadi kwenye mpini upande wa kushoto, upande wa kulia chuma bado ni kizima. Injini inazunguka kwa mkono. Alipiga picha 60, safari hii nyingi za chini, akazituma kwanza Kihagara.

Muuzaji ameshusha hadi milioni 11. Shemeji ana nne na nusu, na pikipiki anayoitafutia mteja.